Mtambo wa Kuzuia Gari Kuteleza: Ufanyavyo Kazi, na Usiloliweza



Katika mkutano wa kufunga msimu, baada ya kumalizika khabari za majamvi, magunia na ujira wa wachumaji, waliinuka wanachama watatu mmoja baada ya mmoja wakauliza jambo lisilohusu mikarafuu. Waliuliza juu ya mtambo uliomo katika motokaa za siku hizi, ambao wauzaji husema kuwa unaizuia gari kuteleza na kupinduka. Mkutano uliiagiza ofisi itafute maelezo na kuyatia katika jarida hili. Tumefanya kama tulivyoagizwa, na maelezo yenyewe ndiyo haya.

Huenda mtu akasema: mkulima wa karafuu ana haja gani na mambo haya? Haja anayo. Kwanza, Chama kimo katika mpango wa kununua gari ya kuchukulia karafuu kutoka mashambani hadi vituo vya ununuzi, na fedha hizo ni za wanachama wote. Pili, kama mjuavyo, ni shida kuupata mji wa bara usio na duka la kijana wa kisiwani kwetu. Hata Tunduma, mpakani mwa Tanzania na Zambia, wako. Mmoja wao amemwandikia baba yake, ambaye ni mwanachama wetu wa siku nyingi, akitaka fedha za mavuno ya mwaka huu ili anunue gari ya kuchukua abiria na mizigo baina ya Mbeya na Tunduma. Ameeleza kuwa gari yenyewe ni ghali kuliko nyingine, lakini ina kompyuta na kwa hivyo haipinduki. Mzee ametuuliza kama neno hilo ni kweli. Fedha za msimu mzima si kitu kidogo, na roho ya mtoto ni zaidi ya fedha.

Jawabu letu kwa ufupi ni hili. Mtambo ni wa kweli, na faida yake ni kubwa. Lakini mtambo huo hauongezi hata kidogo nguvu ya mpira kuishika njia. Kazi yake ni kuigawa vizuri nguvu iliyopo. Ikiwa mipira imekwisha, au mwendo umepita kiasi, hakuna cha kugawa, na gari itapinduka na kompyuta yake ndani. Mwenye kulifahamu jambo hili moja atakuwa amefahamu sehemu kubwa ya makala haya. Yaliyobaki ni kueleza kwa nini.

NJIA YA TUNDUMA

Yafaa kwanza wanachama waijue njia anayoitaka kijana huyu, maana wengi wetu hatujafika huko. Tunduma ni mji wa mkoa wa Songwe, mkoa uliokatwa kutoka Mbeya mwaka 2016 na ambao makao yake makuu yapo Vwawa. Ng'ambo ya mpaka ni mji wa Nakonde wa Zambia. Barabara kuu itokayo Dar es Salaam hufika Tunduma baada ya takriban kilomita 930, na kutoka Mbeya hadi Tunduma ni zaidi ya kilomita 100. Reli ya TAZARA nayo hupita hapo. Mwaka 2019, mwezi wa Oktoba, Marais wa Tanzania na Zambia wa wakati huo, John Magufuli na Edgar Lungu, walikifungua kituo cha pamoja cha mpakani ili malori yakaguliwe mara moja badala ya mara mbili.

Njia hii ndiyo mlango wa mizigo ya Zambia na ya Kongo ya kusini. Malori hupanda na shehena ya bandari ya Dar es Salaam na kurudi na shaba. Hupita pia gari ndogo zilizotumika Japani, zinazoshushwa Dar es Salaam na kuendeshwa moja moja mpaka mpakani kwa ajili ya wanunuzi wa nchi jirani. Watu wa njiani huziita magari ya IT, na madereva wake wamepata sifa ya haraka, kwani hulipwa kwa safari.

Nchi yenyewe ni ya milima. Kutoka Mbeya kwenda Songwe mtu huteremka, huvuka mabonde na hupanda tena. Na ukitaja mteremko wa Iwambi, wa Mbalizi au wa Senjele, kila dereva wa upande ule anajua unachosema. Mvua huanza mwishoni mwa mwaka na kuendelea mpaka Aprili. Njia za mashamba ya kahawa na mahindi ya Mbozi ni za udongo, na magari yatokayo huko huleta tope juu ya lami. Pahala ambapo malori hupanga foleni, dizeli na mafuta ya injini hudondoka. Na manyunyu ya mwanzo yakianguka juu yake, lami huwa kama sahani iliyopakwa samli.

Wapemba hawahitaji kuelezwa sana jambo la mwisho. Vilima vyetu ni vifupi kuliko vya huko, lakini udongo wetu mwekundu ukinyeshewa na vuli, nao mchumo umepamba moto, hauna huruma na gari yenye magunia.

MSHIKO WA MPIRA

Gari ya magurudumu manne, hata iwe kubwa namna gani, inagusa njia mahali pane tu, pale penye mipira yake, ambayo wengine huiita matairi. Na kila mpira wa gari ndogo hugusa njia kwa sehemu ya kiasi cha kiganja cha mkono. Viganja vinne hivyo ndivyo vinavyoisukuma gari mbele, ndivyo vinavyoisimamisha, na ndivyo vinavyoigeuza konani. Nguvu hiyo ya mpira kuing'ang'ania njia tutaiita mshiko.

Mshiko ni akiba moja yenye matumizi mengi. Mfano wake ni mchumaji aliye juu ya mkarafuu. Anayo mikono miwili: mmoja ashike tawi, mmoja achume. Akitaka kuchuma kwa mikono yote miwili bila ya kuegemea popote, atashuka kabla ya karafuu zake. Mpira nao ni hivyo hivyo. Dereva akikanyaga breki kwa nguvu zote, mshiko wote hutumika kusimamisha na haubaki wa kukata kona. Akitia moto mwingi katikati ya kona, mshiko hutumika kusukuma na gari huserereka kando. Na mpira ukisha kuteleza, iwe kwa kusimama kabisa au kwa kuzunguka bure, hauna tena khabari na upande uliogeuziwa. Unakwenda kule gari inakotupwa.

Ndipo wahandisi walipotengeneza mitambo mitatu, mmoja juu ya mwingine. Kila mmoja umejengwa juu ya ule uliotangulia, na kwa hivyo tutaieleza kwa mpango huo.

MTAMBO WA KWANZA: BREKI ZISIZOKABA

Huu ndio unaoandikwa kwa herufi ABS. Mwaka 1978 kampuni ya Bosch ya Ujerumani iliutoa katika hali ya kufaa kwa matumizi ya kila siku, na gari za kwanza kuupata zilikuwa za Mercedes-Benz. Katika kila gurudumu mna sensa inayohesabu mizunguko. Dereva akikanyaga breki kwa nguvu, gurudumu moja likataka kusimama kabla ya gari kusimama, kompyuta hulifungulia breki kidogo, kisha huikaza tena, kisha huifungua, mara nyingi katika sekunde moja. Gurudumu huendelea kuzunguka kidogo, na dereva anaweza bado kuigeuza gari akalikwepa lililo mbele.

Mguu wa dereva husikia kanyagio likitetemeka. Wapo waliotishika kwa mtetemo huo wakaondoa mguu, wakidhani breki zimeharibika. Asiondoe. Akaze mguu, na aelekeze gari anakotaka.

MTAMBO WA PILI: KUZUIA GURUDUMU LISIZUNGUKE BURE

Katika gari za Toyota huandikwa TRC. Huu ni kinyume cha ule wa kwanza: ule hushughulika gari inaposimama, huu hushughulika inapoondoka au inapopanda.

Ili kuufahamu lazima tulikumbuke lile fungu la gia lililoko baina ya magurudumu mawili yanayovutwa na injini, ambalo mafundi huliita difu. Kazi ya difu ni kuyawezesha magurudumu mawili kuzunguka kwa kasi mbalimbali gari inapokata kona, kwani la nje huenda safari ndefu kuliko la ndani. Lakini difu ya kawaida ina ila moja. Hugawa nguvu sawasawa, na gurudumu moja likiwa katika tope haliwezi kupokea nguvu nyingi kwa kuwa halina cha kushika. Basi na mwenzake aliye juu ya ardhi ngumu hupata nguvu hiyo hiyo ndogo. Matokeo yake mmeyaona wenyewe: gurudumu moja linarusha tope mpaka juu ya paa, la pili limetulia kama halimo, na gari haiendi.

Mtambo wa TRC huona kwa sensa zile zile za breki kwamba gurudumu moja linakwenda mbio kuliko mengine. Hapo hufanya mambo mawili. Hupunguza nguvu ya injini, hata kama mguu wa dereva umekandamiza mafuta. Na hulikaza breki gurudumu lile peke yake. Likikazwa, difu hupata cha kuegemea, na nguvu hupita kwa gurudumu lililo pahala pagumu. Gari hutoa mlio wa kukoroma chini ya sakafu, kisha hutoka.

Lakini mtambo huu una mahali pake pa kusumbua. Katika tope zito au mchanga mwingi, magurudumu yote huteleza pamoja, na kompyuta huipunguza injini mpaka gari hukosa nguvu ya kutoka. Kwa hivyo watengenezaji wametia kitufe cha kuuzima. Mtu akikwama, akizime, atoke, kisha akiwashe tena papo hapo. Katika gari nyingi za Toyota, kukibonyeza mara moja huzima TRC tu. Kukikandamiza kwa sekunde kadhaa gari ikiwa imesimama huzima na mtambo wa tatu pia. Dereva anayetembea na kitufe kimezimwa siku zote, kwa sababu hapendi injini yake ipunguzwe, amelipia mtambo asiokuwa nao.

MTAMBO WA TATU: KUIWEKA GARI KATIKA NJIA YAKE

Huu ndio alioutaja kijana wa Tunduma. Majina yake ni mengi, kwani kila kampuni ina herufi zake: Toyota huuita VSC, Nissan na Subaru VDC, Honda VSA, Mitsubishi ASC, BMW DSC, na Mercedes-Benz ESP. Kazi ni moja.

Juu ya sensa za magurudumu huongezwa nyingine. Moja iko katika usukani, nayo hueleza dereva anataka kwenda wapi. Nyingine iko karibu na katikati ya gari, nayo hueleza gari inageuka kwa kasi gani, na inasukumwa kando kwa nguvu kiasi gani. Kompyuta hulinganisha maneno ya mashahidi hao wawili. Usukani unasema tunakwenda kulia; je, gari kweli inakwenda kulia, na kwa kiasi hicho hicho? Wahandisi wa Bosch husema ulinganisho huo hufanywa mara 25 katika sekunde moja. Maneno yakipatana, kompyuta hukaa kimya. Yakikhitilafiana, hufanya kazi, na chombo chake cha kufanyia kazi ni breki ya gurudumu moja.

Kila aliyepanda mtumbwi anaijua hila hii. Ukitia kafi majini upande wa kulia ukalishikilia, mtumbwi hugeuka kulia. Breki ya gurudumu moja ni kafi lililoshikiliwa.

Tuchukue kona ya kulia katika mteremko, lami imelowa. Mambo mawili yanaweza kutokea.

La kwanza, magurudumu ya mbele yanakosa mshiko. Dereva amekata usukani kulia, lakini pua ya gari inaendelea mbele, inakwenda kwenye bonde. Kompyuta hukaza breki ya gurudumu la nyuma la kulia, yaani la ndani ya kona. Kafi limeshikiliwa kulia, na pua hurudi kulia.

La pili, magurudumu ya nyuma yanakosa mshiko. Mkia wa gari unatupwa kushoto, na gari inataka kuzunguka kama pia. Kompyuta hukaza breki ya gurudumu la mbele la kushoto, yaani la nje ya kona. Pua huvutwa kushoto, na mkia hurejea mahali pake.

Katika hali zote mbili injini pia hupunguzwa nguvu, ili mwendo ushuke. Yote haya humalizika katika muda ambao binadamu hajawahi kutamka jina la mama yake. Hapana dereva, awe hodari vipi, awezaye kukaza breki ya gurudumu moja na kuacha matatu. Kanyagio ni moja. Hiyo ndiyo sababu ya kusema mtambo huu hufanya jambo lisilowezekana kwa mguu wa mtu.

Mtambo ulianza kuuzwa mwaka 1995, katika gari kubwa za Mercedes-Benz zilizotumia vyombo vya Bosch. Na mwaka huo huo Toyota ilitia VSC katika Crown Majesta. Bwana Anton van Zanten, aliyeongoza kazi hiyo huko Bosch, alipewa tuzo ya maisha ya Ofisi ya Hataza ya Ulaya mwaka 2016. Lakini kilichoufanya mtambo ujulikane kwa watu wa kawaida ni aibu. Mwezi wa Oktoba 1997, waandishi wa jarida la Teknikens Värld la Sweden waliijaribu gari ndogo mpya ya Mercedes-Benz, A-Class, kwa kukwepa ghafla kushoto na kulia kama mtu anayemkwepa mnyama barabarani. Gari ikapinduka. Kampuni ilisimamisha kuiuza, ikairekebisha miguu yake, na ikatia ESP katika kila gari ya namna ile. Tangu hapo haikuwezekana tena kusema kuwa mtambo huo ni anasa ya matajiri.

Serikali zikafuata. Marekani iliulazimisha kwa gari ndogo zote mpya kuanzia zile za mwaka 2012. Umoja wa Ulaya ulimaliza kuulazimisha kwa gari mpya mwezi wa Novemba 2014. Japani, ambako ndiko zitokako gari zetu nyingi, ilianza na miundo mipya mwezi wa Oktoba 2012. Idara ya usalama wa barabara ya Marekani, ilipotoa sheria yake mwaka 2007, ilikadiria kuwa ajali za gari kutoka njiani au kupinduka yenyewe, bila ya kugongana na nyingine, zingepungua kwa asilimia 34 kwa gari ndogo, na kwa asilimia 59 kwa gari za juu za namna ya jipu. Kwa hivyo kijana hakukosea kuutaka mtambo. Alikosea kusema gari haipinduki. Asilimia 59 si asilimia 100, hata huko kwenye barabara zao na mipira yao.

MAMBO USIYOYAWEZA

Turudi sasa Songwe, tuutazame mtambo katika njia ya huko.

Mwendo. Gari ikiingia konani kwa kilomita 80 kwa saa badala ya 40, nguvu inayoitupa nje haiwi mara mbili. Huwa mara nne. Mshiko wa mpira haukuongezeka. Hapo kompyuta ikishika kafi upande wowote, maji ni mengi kuliko kafi. Khatari kubwa kuliko zote ni dereva aliyeambiwa kuwa gari yake haitelezi, kwani huyo huitumia amana ile kuongeza mwendo, na akifika kikomo chake hufika kwa kasi kubwa zaidi kuliko asiyekuwa na mtambo.

Mipira. Mpira uliokwisha hauna mifereji ya kutolea maji; katika mvua huelea juu ya maji kama jahazi, na breki za kompyuta hukaza gurudumu lisilogusa kitu. Nchi nyingi zimeweka kikomo cha kina cha mifereji kuwa milimita 1.6, lakini kwa mvua kubwa hata hicho ni kidogo. Zaidi ya hayo, gari nyingi zitokazo Japani huja na mipira ya theluji, iliyoandikwa STUDLESS ubavuni. Ni laini kwa makusudi, ifae baridi. Juu ya lami yetu yenye joto huisha upesi na haishiki vizuri. Mnunuzi huiona ina mifereji mirefu akafurahi.

Mteremko mrefu. Wanachama wasichanganye kuteleza na kushindwa kwa breki. Gari iliyojaa mzigo, ikiteremka kilomita nyingi dereva akiwa ameegemea breki, breki huungua zikapoteza nguvu. Mtambo hutumia breki hizo hizo, na zikisha kuungua nao hauna chombo. Dawa yake ni ya zamani: teremka kwa gia ndogo, injini ishikilie gari, na breki zitumike kwa kukanyaga na kuachia.

Mzigo wa juu. Mtambo ulipimwa kwa gari yenye uzito wa kiasi na iliyokaa chini. Magunia juu ya paa hupandisha uzito juu, na gari huanza kulala kabla mipira haijateleza. Hili ni la Songwe, na ni la hapa kwetu pia.

Na mwisho, wengine. Njia ya Tunduma ina malori mengi ya zamani yasiyokuwa na mtambo wowote. Kompyuta ya gari yako haiwezi kumzuia anayekuja nyuma yako.

TAA YA DASHIBODI, NA UDANGANYIFU WAKE

Mtambo huzungumza na dereva kwa taa ndogo ya manjano: sura ya gari yenye mistari miwili iliyopindapinda chini yake. Ikimeta mara chache gari inapotembea, maana yake mtambo unafanya kazi wakati huo, na dereva apunguze mwendo, kwa kuwa mshiko umekwisha. Ikiwaka moja kwa moja bila ya kuzimika, maana yake mtambo una hitilafu na haupo tena, mpaka utengenezwe.

Aghlabu hitilafu yenyewe ni ndogo: waya wa sensa ya gurudumu umekatika fundi alipokuwa akibadilisha beringi, au mpira mmoja una ukubwa mbali na mingine na kompyuta haifahamu kwa nini gurudumu lile huzunguka tofauti. Badala ya kutafuta sababu, wako wanaoziba taa kwa utepe mweusi au kuing'oa kabisa, kisha gari huuzwa kwa jina la kuwa na mtambo. Kwa hivyo mnunuzi afuate mambo haya:

1. Fungua ufunguo bila ya kuwasha injini. Taa ya ABS na taa ya gari inayoteleza lazima ziwake, kisha injini ikiwashwa zizimike baada ya sekunde chache. Taa isiyowaka kabisa ni mbaya kuliko iliyowaka, kwani imefichwa.

2. Tafuta kitufe chenye sura ile au herufi TRC, VSC na mfano wake. Usiuamini mwaka wa gari peke yake. Gari ndogo nyingi za Kijapani za miaka ya 2000 ziliuzwa bila ya mtambo huu, au kwa malipo ya ziada.

3. Mipira yote minne iwe ya ukubwa mmoja. Soma tarakimu nne za mwisho ubavuni: 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mpira wa zamani huwa mgumu hata ukiwa na mifereji.

4. Iendeshe gari pahala peupe pasipo watu, kwa mwendo mdogo, ukanyage breki ghafla juu ya changarawe. Kanyagio litetemeke, na gari isimame bila ya kwenda upande.

5. Fundi akisha kugusa magurudumu au usukani, taa zitazamwe upya kabla ya kumlipa.

SHAURI LA CHAMA

Halmashauri ilipoyasikia maelezo haya iliamua mambo mawili juu ya gari ya Chama. Gari itakayonunuliwa lazima iwe na mtambo wa tatu ulio mzima, hata kama bei yake imezidi kidogo. Na pamoja na bei hiyo, itengwe tangu mwanzo fedha ya mipira minne mipya. Ikiwa fedha hazitoshi kwa yote mawili, ununuzi utangoja msimu ujao, kwani mtambo juu ya mipira iliyokwisha ni khasara ya mara mbili.

Kwa mzee wetu mwenye mtoto Tunduma, ofisi ilimpa shauri kama hilo hilo, naye ameridhika nalo. Fedha asizipeleke zote kwa muuzaji. Kijana apeleke kwanza gari kwa fundi asiyekuwa na uhusiano na muuzaji, aandike namba za mipira minne na hali ya taa mbili, kisha barua ifike hapa. Na ahadi nyingine aitoe mwenyewe kwa maandishi: kwamba mvua ikinyesha atateremka Senjele kwa gia ndogo, kama ambaye hana kompyuta.

Orodha ya mambo matano tuliyoyataja hapo juu imebandikwa ukutani ofisini, na mwanachama yeyote anayetaka nakala atapewa bila ya malipo. Wenye maswali mengine wayalete kabla ya mwisho wa mwezi, ili yajibiwe katika toleo lijalo pamoja na khabari za bei na za miche.

Wenu katika kazi,
Katibu wa Chama